Afande Hakulala Bwenini

Gesare, wewe uliyechukua funguo zangu nilipoacha kazi ya umatroni, ulinisumbua mpaka nikakubali kuandika. Basi naandika. Nyinyi wengine mnaofanya naye kazi kwenye mabweni someni pia, na msinicheke. Mimi niliishia darasa la nne. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wafanyakazi wa chuo chetu wametoka kila mahali, na nikiandika Kikisii wengine watabaki kuitazama karatasi kama mbuzi anayesikiliza redio. Kiswahili changu ni cha bara. Mnivumilie.

Sitaandika habari za mshahara. Mshahara wa matroni mnaujua, na asiyeujua atauona mwisho wa mwezi, atanyamaza. Vyeo pia siviandiki. Nilianza na ufagio, nikamaliza na ufagio, hapo katikati nikaongezewa funguo.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mama Kwamboka, matroni aliyekuwako kabla yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Aliniangalia miguu kabla ya uso.

"Unajua kupiga deki?" akaniuliza.

"Najua."

"Hujui. Hiyo miguu imekulia kwa nyumba ya udongo. Chukua ndoo."

Alisema kweli. Nyumba yangu kule Nyamira tulikuwa tukiisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na sakafu kama hiyo haipigwi deki. Akanifundisha kuanzia kona ya mbali, kurudi nyuma nyuma mpaka mlangoni. Ukianzia mlangoni unajifungia ndani na maji yako, unabaki umesimama kwenye kona kama mtu aliyeadhibiwa. Nimewaona wengine wenu mkisimama hivyo. Sikusema kitu. Sasa nasema.

Mama Kwamboka alinifundisha mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyonilisha. La kwanza, usiingie kimya kwenye bweni la wanaume. Piga ndoo kwa mpini wa ufagio tangu mwanzo wa ujia, piga kama mtu mwenye hasira, ili kila aliye uchi atafute nguo. Wako watakaosema unapiga kelele. Waache waseme wakiwa wamevaa.

La pili ni godoro. "Usimwulize mwanafunzi alilala wapi," aliniambia. "Atakudanganya, utakasirika, presha ipande. Uliza godoro." Asubuhi wakishakwenda kunywa uji, unapita kila kitanda, unaingiza kiganja chini ya blanketi. Huku kwetu asubuhi ni baridi, na godoro la mtu aliyelala hapo linakuwa bado na joto lake. Likiwa baridi, mwenyewe ana jambo. Usimkimbilie. Ngoja asubuhi nyingine, na nyingine. Godoro likiendelea kuwa baridi, sasa anza kuuliza, lakini anza na watu wengine.

Nilifanya kazi hivyo miaka mingi. Nilitoa nywele kwenye mitaro ya bafu kwa waya wa hanga, na mpaka leo sijaona chombo kinachoushinda. Nilikamata koili za kuchemshia maji zisizo na hesabu. Mwanafunzi anayeapa kwamba hana koili ndiye aliye na mbili. Msichana mmoja alifuga kuku ndani ya sanduku chini ya kitanda, na alipoulizwa akasema ni wa kumkumbusha nyumbani. Yule kuku alitaga. Tulimrudisha nyumbani yeye na mayai yake, msichana akabaki, akamaliza masomo vizuri.

Lakini aliyenifanya nifikiri kuliko wote alikuwa Afande Nyakundi.

Alikuja siku ya kupokea wanafunzi wapya akiwa na begi moja la kijani la turubai, nywele zimeingia mvi, viatu vinang'aa hadi unaona mawingu. Vijana waliokuwa kwenye foleni walidhani ni mwalimu mgeni, wakasimama wima. Yeye alipowaona wamesimama, akadhani kuna mkubwa anayepita, akasimama wima pia. Wakasimama hivyo, wote wanangojana, mpaka nikapita katikati na ndoo yangu nikawaambia waendelee na maisha yao.

Alikuwa ametoka jeshini baada ya miaka mingi. Sikio la kushoto lilikuwa limeharibika huko, akawa anageuza kichwa ukimwongelesha. Nyumbani kwake ni Ikonge, ana mke na watoto, na mke ndiye alikuwa akichuma chai wakati yeye yuko mipakani. Alipata ufadhili wa watu wanaosomesha wanajeshi waliostaafu. Alikuja kusomea umeme wa mitambo.

Nilimwuliza siku ile ile nikimpa blanketi kwa nini asitulie nyumbani.

"Mama," akasema, "kazi niliyoijua ni bunduki, na bunduki haina soko Ikonge. Mitambo ya kiwanda cha chai inaharibika kila siku. Hiyo ina soko."

Nikaona huyu ana akili.

Ufadhili wake ulikuwa na sharti moja gumu. Mwanafunzi lazima aishi bwenini mwanzo mpaka mwisho. Inasemekana wako waliopewa nafasi kabla yake, wakarudi kwao kulima, wakawa wanaonekana chuoni siku ya mtihani tu. Wafadhili wakachoka. Asiyelala bwenini ananyang'anywa nafasi, anapewa mwingine, na foleni ya wanaongoja ilikuwa ndefu. Yeye alilijua hilo, na sisi tulilijua.

Aliwekwa chumba cha nane na vijana watatu ambao angeweza kuwazaa. Nilidhani watasumbuana. Hapana. Yeye aliwafundisha kutandika kitanda mpaka sarafu inaruka juu yake, wao wakamfundisha hesabu za herufi. Nikipita na ndoo ningesikia, "Afande, iks haiwezi kuwa mtu, iks ni namba," naye anajibu, "Basi mbona inajificha kama mtu?" Waliishi hivyo muhula mzima wa kwanza, na godoro lake lilikuwa na joto kila asubuhi.

Muhula wa pili kijana mmoja alihama, mahali pake akaja Brayo.

Brayo jina lake kamili ni Brian, lakini hata mkuu wa chuo alimwita Brayo. Alizaliwa Nairobi, akakulia Nairobi. Baba yake, Momanyi, alikuwa mtu wa huku, alikufa Brayo akiwa bado mdogo, na mama alibaki huko huko akiuza mitumba. Kikisii alichojua Brayo ni cha kusalimia na cha kuomba chakula. Alikuwa kijana wa kucheka na kila mtu, anaimba bafuni, na akitoka kuoga anazunguka ujia mzima na taulo kiunoni kama anapeleka habari. Ndoo yangu hakuiogopa. Nikiipiga, yeye anakuja kuona ni nini.

Hazikupita wiki mbili, nikaingiza kiganja kitanda cha Afande, godoro baridi.

Kitanda kimetandikwa vizuri sana, blanketi limevutwa kama ngozi ya ngoma. Kesho yake, baridi. Nikangoja kama nilivyofundishwa. Wiki ikaisha, baridi, na juu ya blanketi vumbi limeanza kukaa.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema amepata mwanamke mjini, upande wa Daraja Mbili. Wengine wakasema anakunywa. Wengi walisema ni vita, kwamba watu waliotoka huko hawawezi kulala ndani na wenzao, wanaona mambo. Chuo kikamletea mshauri, msichana mpole, mwenye subira. Alikaa naye karibu nusu ya asubuhi. Afande alimjibu kila swali kwa heshima, na mwishoni akamwambia, "Mwanangu, vita nilivimaliza. Mimi nalala vizuri sana."

Hakudanganya. Alikuwa akilala vizuri, ila kwenye kibanda cha askari wa lango, juu ya benchi. Hilo nililijua kutoka kwa askari mwenyewe, ambaye hakutaka kusema, lakini nilimkumbusha nani huwa anampa makoko ya ugali.

Bwana Salim akamwita ofisini. Bwana Salim ndiye msimamizi wa wanafunzi, mtu wa hapa hapa Kisii mjini, Mwislamu, wazazi wake walikuwa na duka la nguo. Si mtu wa kupiga kelele. Nilikuwa nikifuta madirisha, mlango uko wazi, na sikuambiwa niondoke.

"Bwana Nyakundi, una shida gani na chumba chako?"

"Hakuna shida, bwana."

"Kitanda ni kibovu?"

"Hapana, bwana."

"Wenzako wanakusumbua?"

"Hapana, bwana. Ni watoto wazuri."

"Basi lala huko! Mama wa ufadhili anakuja wiki ijayo kukagua. Akiniuliza, mimi siwezi kumdanganya. Utapoteza nafasi, na sitakuwa na la kukusaidia."

"Nimeelewa, bwana."

Alisimama wima kama mlingoti, akageuka, akatoka. Bwana Salim akanitazama. "Mama, wewe una umri wa mama yake. Zungumza naye."

Hapo ndipo penye ugumu, na wale ambao si Wakisii niwaeleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ukikiita haya utakuwa umesema nusu. Ni mpaka kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Mimi nikiwa na umri wa mama yake, kumwuliza mwanamume kama huyo habari za mahali anapolala na kitanda chake ni kumvua nguo kwa maneno. Ningeuliza, asingejibu, na kuanzia hapo angekuwa ananikwepa hata kwa salamu. Kwa hiyo sikuuliza. Kusafisha chumba cha nane nilisafisha akiwa darasani, basi.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, askari akanijia jikoni mchana. "Mama, Afande ameleta begi lake kibandani. Amekunja kila kitu. Anasema kesho anapanda gari la Ikonge, ni heri aondoke mwenyewe kuliko kufukuzwa."

Nikaacha uji wangu mezani, nikatoka.

Kama siwezi kumwuliza mwana, naweza kumwuliza mjukuu. Bibi na mjukuu kwetu hawana mpaka. Wanatukanana, wanaitana mume na mke, hakuna wa kukasirika. Vijana wa chumba cha nane wote ni wajukuu zangu kwa umri. Nikatafuta anayeropoka kuliko wengine, nikampata Brayo kwenye kamba za kuanikia nguo, anakamua suruali moja kwa nguvu kama ananyonga nyoka.

"Bwanangu," nikamwambia, "hiyo suruali imekukosea nini?"

"Magokoro!" akasema. Hilo ndilo neno la bibi, na ndilo neno la Kikisii alilolitamka vizuri. "Si ungekuja unifulie? Ndoa gani hii?"

"Wanaume wasiojua kukamua suruali siwafulii. Niambie, Afande mlimfanya nini?"

"Sisi? Zii! Hatujamfanya kitu, Magokoro. Tulikuwa sawa kabisa. Halafu siku moja akaanza kukosa. Hata mimi ananikwepa. Nikiingia, yeye anatoka. Nikienda bafu, anarudi na sabuni yake kavu. Nafikiri ananichukia."

"Siku gani hiyo?"

Akafikiri, suruali inadondosha maji kwa viatu vyake. "Ni kama tangu ile siku nilimpa salamu za maza."

"Salamu gani?"

"Nilikuwa nimetoka kuoga, maza akapiga simu. Nikamwambia tuko na mzee mmoja wa jeshi anaitwa Nyakundi wa Ikonge. Maza akapiga nduru! Anamjua! Akasema huyo na babangu ni ukoo mmoja, walipashwa tohara siku moja, wakakaa nyumba moja mpaka wakapona, walikuwa kama mapacha. Akaniambia nimsalimie sana. Nikarudi room mbio, nikamwambia hapo hapo, Afande, kumbe wewe na mzee wangu mlikatwa pamoja! Watu wakacheka, wacha. Nilifikiri atafurahi."

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Si taulo? Nimekuambia nilikuwa natoka kuoga."

Niligeuza ndoo nikaikalia.

"Brayo, mama yako hakukufundisha chinsoni?"

"Hiyo ni nini? Chakula?"

Nikamfundisha hapo hapo, chini ya nguo zinazodondosha. Nikamwambia mtu aliyekaa na baba yako jandoni, wa ukoo mmoja, si rafiki ya baba yako. Ni baba yako. Na baba hamwoni mwanawe aliyetahiriwa akiwa nusu uchi. Hawaogi bafu moja. Baba haingii mahali mwanawe analala, sembuse kulala kitanda cha juu na mtoto yuko chini. Siku zote za kwanza Afande alikuona kama mgeni yeyote, hakuna neno. Jeshini amelala na watu wa kila kabila. Lakini wewe ukaingia mbio na taulo, ukamwambia yeye ni baba yako mbele ya watu, na watu wakacheka.

Brayo akauliza, "Lakini si angeniambia tu? Angesema, Brayo, vaa."

"Kukuambia ndiyo aibu yenyewe. Baba haanzi kuongea na mwanawe habari za mwili wake. Na kwa Bwana Salim angesema nini? Kwamba amemwona mwanawe? Heri apoteze chuo."

"Kwa hivyo hanichukii?"

"Angekuchukia angelala fofofo."

Akageuka akaangalia kule langoni. Nilifikiri atacheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikumbuki kuwa na mtu wa kumwita baba." Kisha akaanika suruali ile, safari hii bila kelele.

Nilikwenda kwa Bwana Salim nikamweleza yote. Nilijiandaa kueleza mara tatu, maana nilidhani mtu wa mjini atataka sababu. Hakutaka.

"Mama, marehemu baba yangu sikumwona bila kanzu mpaka siku tuliyomwosha," akasema. "Nimeelewa. Ni kijana ndiye ahame."

"Ndiyo. Na ahame mbali, bweni la chini, kule wana bafu lao. Lakini pamejaa."

"Nitapata wa kubadilishana naye. Shida ni nyingine. Nikitangaza nahamisha mtu mmoja chumba cha nane, wote watauliza kwa nini, na habari zitamfikia zimekwisha kuharibika." Akagonga kalamu mezani. "Tutapaka rangi chumba cha nane. Wote watoke, kisha nitawapanga upya wanaporudi. Kwenye kupanga upya hakuna anayeuliza."

"Rangi haipo, bwana."

"Itapatikana."

Ikapatikana, lakini ya kijani ya mitambo, kutoka karakana, na ilitosha kuta mbili na nusu. Chumba cha nane kiko hivyo mpaka leo. Mkiulizwa kwa nini, semeni rangi iliisha.

Ilibaki kumzuia Afande asiondoke, na mimi siwezi kumwambia, wala Brayo hawezi, wala Bwana Salim hakutaka kumwita tena ofisini akamkamua mbele ya meza. Kwetu neno ambalo huwezi kumpa mtu mkononi unampa mwingine karibu naye. Jioni jua likiwa bado liko, nikaenda kwenye kibanda cha lango. Nilijua yuko ndani, viatu vyake viko mlangoni vinang'aa. Nikasimama nje ya dirisha, nikamwambia askari kwa sauti yote niliyonayo, maana sikio moja la mwenye kusikia lilikuwa bovu.

"Askari! Chumba cha nane kinapakwa rangi!"

"Mama, mbona unapiga kelele? Niko hapa hapa."

"Wote wanapangwa upya! Yule kijana wa Nairobi, mtoto wa marehemu Momanyi, amehamia bweni la chini! Kule wana bafu lao! Mwenyewe amekubali, na amesema amekoma kutembea bila nguo!"

"Sasa mimi nifanye nini na hiyo habari?"

"Uisikie tu! Na kesho mama wa ufadhili anafika. Anayetaka kulala bwenini, kitanda chake kimetandikwa!"

Askari akanitazama kama mtu aliyepagawa. Nikasimama, nikajifanya natoa jiwe kwenye kiatu. Nikasikia zipu ya begi la turubai ikifunguliwa taratibu, kisha kitu kimoja kimoja kikitolewa. Nikaenda zangu.

Mkaguzi alikuja, mama mrefu mwenye miwani, hana mchezo. Akataka kuona chumba mwenyewe. Akamkuta Afande amekaa kitandani kwake, daftari la hesabu magotini, anakohoa kwa sababu ya rangi.

"Unalala hapa kweli?" akamwuliza.

Afande akasimama wima. "Nililala jana, mama. Na nitalala leo, rangi ikikubali."

Mkaguzi aliangalia kuta mbili na nusu, akaniangalia mimi, nami nikaangalia ndoo yangu. Akakubali abaki.

Hawajawahi kuzungumza habari hiyo, Afande na Brayo. Lakini nyinyi mnaofanya kazi bwenini mjifunze kuona mambo yasiyozungumzwa. Brayo akimwona Afande anakuja ujiani, anasimama kando, anatoa kofia, anasalimia kwa sauti ya chini, na shati limefungwa mpaka shingoni. Vijana wengine walimcheka, halafu wakazoea, halafu nikaona wengine nao wakianza kufunga vifungo. Afande naye akawa anapita karakana ya kina Brayo, anamwuliza mwalimu, "Yule kijana anaendeleaje?" huku yeye mwenyewe hesabu zinamla. Brayo alipougua malaria, ndizi za kuiva zilifika zahanati kutoka Ikonge, zikiwa zimebebwa na mimi, na nikaambiwa nisiseme zimetoka kwa nani. Sikusema. Brayo alizila akasema, "Mwambie asante," nami nikamwambia, "Nani?" akasema, "Yeyote."

Afande hesabu alirudia mara moja, akapita. Sasa yuko kiwandani Ikonge, anatengeneza mitambo, na mke wake anasema akirudi nyumbani bado anaongea juu ya iks. Lakini kuna siku moja ya mwaka wake wa mwisho nataka niiandike, kisha niweke kalamu, vidole vimechoka.

Brayo alikamatwa na wenzake wakiruka ua kwenda kuangalia mpira Daraja Mbili. Si kosa dogo, na haikuwa mara yake ya kwanza kuonywa. Bwana Salim akawaambia kila mmoja alete mzazi, na asiye na mzazi ofisini kufikia saa sita atarudi nyumbani muhula mzima. Mama yake Brayo yuko Nairobi, na ni mtu wa kufungua kibanda kila siku ili watu wale. Niliona kijana amesimama uani, simu mkononi, hapigi.

Halafu akaiweka mfukoni. Akafunga kifungo cha shingo, akavuka ua, akaelekea karakana ya umeme.

Nilikuwa ofisini kwa Bwana Salim, napangusa kabati, waliporudi. Afande alitangulia, ovaroli imejaa grisi, mikono ameifuta lakini haijafutika. Brayo alikuwa nyuma yake kwa hatua kadhaa, macho chini.

Bwana Salim akaweka kalamu. "Bwana Nyakundi, wewe ni mwanafunzi wangu. Umekuja hapa kama nani?"

"Leo nimekuja kama mzazi, bwana," Afande akasema, na kichwa akakigeuza upande wa sikio zima ili asikose neno. "Kesho nitarudi kama mwanafunzi."

Mbele ya meza ile mwanafunzi husimama, na mzazi hukaa. Bwana Salim aliniangalia, nami nikaweka kitambaa chini, nikaenda nikamletea Afande kiti.